Nesi amenikatalia vidonge vya majira nilivyotumia miaka 6. Nani mkweli?

"Daktari, nina miaka 37, watoto wanne, nalima zabibu upande wa Hombolo, Dodoma. Mtoto wa mwisho nilimzaa kwa shida, presha ilipanda nikalazwa. Baada ya hapo nikaanza vidonge vya majira, nanunua duka la dawa muhimu, miaka 6 sasa. Mwezi uliopita nikaenda kituo cha afya kuchukua vya bure. Nesi akanipima presha, ikasoma 152/96, akazungusha kadi moja ya duara, akasema vidonge hivi havinifai tena, nichague kijiti, kitanzi au sindano. Wifi yangu presha yake huwa inafika 170, yeye alikataliwa hata hiyo sindano. Jirani anasema sindano inaleta uvimbe kichwani. Zamani tuliambiwa inaleta Ukimwi, baadaye wakasema hapana. Kijiti nacho nasikia kinafunga damu ndani. Kila mwaka wanakuja na jipya. Nimeacha vidonge wiki tatu na sijachagua chochote. Nani mkweli?"

Dada yangu, umeuliza mambo mengi kwa pamoja na nitayapitia yote. Ila lipo moja hukuliuliza, nalo ndilo lililonifanya nikujibu haraka: hizo wiki tatu bila kinga. Kwa mwanamke aliyepandishwa presha na mimba iliyopita, na leo anasoma 152/96, hatari kubwa kuliko zote zilizomo kwenye barua yako ni mimba ambayo hukuipanga. Inaweza kurudisha yaleyale yaliyokulaza, safari hii ukiwa na umri mkubwa zaidi. Kwa hiyo tumieni kondomu kuanzia leo usiku. Kama mmekutana bila kinga ndani ya siku 5 zilizopita, vidonge vya dharura, vile mnavyoviita P2, bado vinaweza kukusaidia. Kadiri unavyowahi ndivyo vinavyofanya kazi vizuri, na presha haikuzuii kuvimeza. Na kama tangu uache vidonge hujaona hedhi, pima mimba kwanza. Hayo yafanye, kisha tuendelee.

Nesi alikuwa sahihi kukunyima vile vidonge. Naelewa kwa nini imekuuma: kitu ulichokitumia miaka 6 bila tatizo, leo unaambiwa hakikufai. Unajiuliza kama ulidanganywa wakati ule au unadanganywa sasa. Hukudanganywa mara zote mbili, na nitakueleza ilivyo.

Vidonge ulivyokuwa unameza vina vichocheo viwili, estrojeni na projestini. Mwenye ugomvi na presha ni estrojeni. Ukiimeza inapita kwenye ini, na ini linachochewa kutengeneza protini kadhaa kwa wingi kuliko kawaida. Mojawapo ndiyo malighafi ya kichocheo kinachobana mishipa ya damu na kuzifanya figo zishikilie chumvi na maji. Kwa wanawake wengi presha hupanda kidogo tu, wasijue hata kama imepanda. Kwa wachache inapanda mpaka inavuka mstari. Ini hilohilo linaongeza pia protini zinazogandisha damu. Sasa yaweke pamoja: mishipa yenye mgandamizo mkubwa, damu iliyo mwepesi wa kuganda, na umri uliovuka miaka 35. Tunachokiogopa hapo ni kiharusi na shambulio la moyo. Kwa mwanamke wa umri wako bado ni mambo nadra, lakini presha ya juu na estrojeni vikikutana hatari inakuwa kubwa kuliko kila kimoja kikiwa peke yake.

Projestini ikiwa peke yake haifanyi hivyo kwenye ini. Ndiyo maana nesi hakukwambia "uzazi wa mpango basi". Alikuondolea njia moja akakuachia nyingine.

Sasa ile kadi ya duara. Haikuwa kubahatisha. Shirika la Afya Duniani lilitoa kwa mara ya kwanza mwaka 1996 vigezo vya nani anafaa kutumia njia gani ya uzazi wa mpango, na limekuwa likivipitia upya kila utafiti mpya unapojitokeza. Toleo la tano lilitoka mwaka 2015, na baadhi ya vipengele vikarekebishwa baada ya hapo. Kadi ile ni vigezo hivyo vilivyofupishwa ili mtoa huduma avishike mkononi. Unaweka hali ya mwanamke upande mmoja, kadi inakuonyesha kila njia iko kundi gani. Kundi la 1 maana yake hakuna kizuizi. La 2, faida zinazidi madhara, endelea. La 3, kwa kawaida madhara yanazidi faida. La 4, usithubutu.

Kwa namba zako, 152 juu na 96 chini, vidonge vya vichocheo viwili viko kundi la 3. Sindano iko kundi la 2. Kijiti, kitanzi na vidonge vya kichocheo kimoja viko kundi la 1. Kwa wifi yako mwenye 170, vile vidonge vinaangukia kundi la 4 na sindano inapanda kuwa kundi la 3, maana mstari unaotenganisha ni 160 kwa 100. Kijiti kwake ni kundi la 2, na kitanzi cha shaba kinabaki kundi la 1 hata presha ifike huko. Kwa hiyo wewe kupewa ruhusa ya sindano na yeye kunyimwa ni jibu lilelile la kadi ileile kwa miili miwili tofauti. Hakuna aliyependelewa.

Lipo jambo lingine ambalo wagonjwa wengi hawaambiwi. Zahanati isiyo na daktari inatakiwa kuyasoma makundi haya manne kama mawili: la 1 na la 2 ni ndiyo, la 3 na la 4 ni hapana. Hospitali yenye daktari wa kumfuatilia mgonjwa kwa karibu inaweza, mara chache, kumpa mtu njia ya kundi la 3 kama nyingine zote zimeshindikana. Ndiyo maana mtu anakataliwa kijijini na kukubaliwa mjini, akarudi akisema wale wa kijijini hawajui kazi. Wanaijua. Wamepewa mstari ulio salama zaidi kwa sababu mgonjwa akizidiwa usiku, gari liko mbali.

Na ule mwanzo wako wa miaka 6 iliyopita? Mwanamke ambaye presha ilipanda wakati wa mimba, kisha ikarudi kawaida na ikapimwa ikaonekana iko sawa, vidonge vile kwake ni kundi la 2. Aliyekuanzishia kama alikupima hakukosea. Kilichokosekana ni kupimwa katika miaka iliyofuata. Duka la dawa linakuuzia pakiti, halikufungi mkanda wa presha mkononi, na wewe usingeweza kujua. Mwanamke aliyewahi kupata presha ya mimba ana uwezekano mkubwa kuliko wenzake wa kuja kuwa na presha ya kudumu, anywe vidonge asinywe. Wasomaji wengine wenye historia kama yako, naomba hili mlichukue: hata kama mnanunua dukani, pimeni presha angalau mara moja kwa mwaka.

Nina dosari moja ndogo kwa kituo ulichokwenda. Kipimo kimoja hakitoshi kumwita mtu mgonjwa wa presha. Umetoka Hombolo juani juu ya bodaboda, ukakaa foleni, pengine mkojo umekubana, ukafungwa mkanda hapohapo. Inatakiwa ukae dakika 5 kimya, mgongo umeegemea, miguu chini, mkono umepumzika usawa wa moyo, bila kuongea, na usiwe umetoka kunywa kahawa. Kisha irudiwe siku nyingine. Kusitisha vidonge wakati mnasubiri kurudia ni sawa kabisa. Kukuacha uondoke mikono mitupu, bila hata kondomu, hapana.

Nije kwenye "kila mwaka wanakuja na jipya". Suala la sindano na VVU linaonyesha vizuri jinsi miongozo inavyobadilika. Kwa miaka mingi tafiti za kuangalia tu, zisizopanga nani atumie nini, zilionyesha wanaotumia sindano wanaambukizwa VVU zaidi kidogo. Haikujulikana kama chanzo ni dawa au ni tofauti za maisha, kwa mfano kutotumia kondomu. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani likachukua tahadhari, likahamisha sindano kutoka kundi la 1 kwenda la 2 kwa wanawake walio katika hatari kubwa ya maambukizi. Ukafanyika utafiti mkubwa wa wanawake 7,829 katika nchi nne, Kenya, Zambia, Eswatini na Afrika Kusini, wakigawiwa kwa bahati nasibu sindano, kijiti au kitanzi cha shaba. Matokeo yalitoka Juni 2019: haikuonekana tofauti kubwa ya maambukizi kati ya njia hizo tatu. Agosti mwaka huohuo sindano ikarudishwa kundi la 1. Kwa hiyo waliokuonya hawakuwa waongo, na waliokutoa hofu nao si waongo. Wa kwanza walikuwa na mashaka ya haki, wa pili walikuwa na jibu. Na utafiti uleule ulionyesha wanawake wa makundi yote matatu wakiambukizwa kwa wingi wa kutisha, maana hakuna kijiti wala sindano inayokinga VVU. Kondomu ndiyo inayokinga.

Habari ya uvimbe kichwani nayo ina chanzo cha kweli, jirani yako hakuitunga. Machi 2024 ulichapishwa utafiti kutoka Ufaransa uliowachunguza wanawake zaidi ya 18,000 waliofanyiwa upasuaji wa uvimbe unaoota kwenye utando unaofunika ubongo. Uvimbe huu mara nyingi si saratani, ila ukikua unabana. Waliokuwa wamechoma sindano hii ya uzazi wa mpango kwa zaidi ya mwaka mmoja walionekana kuwa na uwezekano mara 5 hivi zaidi. Mara 5 inatisha, mpaka ujue mara 5 ya nini: uvimbe wenyewe ni nadra, na kati ya wale 18,000 waliofanyiwa upasuaji, waliotumia sindano walikuwa 9 tu. Ufaransa sindano hii hutumiwa na wachache, hivyo siwezi kuichukua hesabu hiyo nikaihamishia Dodoma moja kwa moja. Ninachofanya kliniki ni hiki: aliyewahi kuwa na uvimbe wa namna hiyo simchomi sindano, na anayechoma kwa miaka mingi namwambia aje akipata maumivu ya kichwa yasiyoisha, macho kupungua nguvu au degedege. Kwa wengine sioni sababu ya kukimbia. Kwenye utafiti huohuo, kitanzi chenye kichocheo hakikuonyesha ongezeko.

Yapo pia mabadiliko yaliyolegeza masharti, na hayo hayasambai mtaani kama ya kutisha. Zamani anayenyonyesha alisubirishwa wiki 6 ndipo awekewe kijiti. Tangu 2015 kipo kundi la 2 hata kabla ya wiki hizo. Huhitaji kupimwa damu, wala ini, wala kukaguliwa ukeni ili upewe vidonge, sindano au kijiti. Na lile la "rudi ukiwa kwenye siku zako" limepitwa na wakati: njia hizi zinaanza siku yoyote, mradi mtoa huduma ajiridhishe kuwa huna mimba. Nalisisitiza kwa ajili yako, maana ukirudishwa nyumbani tena hizo wiki tatu zitakuwa saba.

Kuhusu kijiti kufunga damu ndani: hofu hii naisikia kila wiki, na haihitaji kuchekwa, kwa sababu kwa anayeona hedhi imekata ni jambo la kawaida kuuliza imekwenda wapi. Damu ya hedhi haikusanywi mahali ikisubiri kutoka. Kila mwezi vichocheo vyako vinajenga utando ndani ya kizazi, mimba isipotungwa utando unabomoka, na huo ndio unaotoka na damu. Projestini ya kijiti inaufanya utando ubaki mwembamba. Kisichojengwa hakibomoki. Hakuna damu chafu inayorundikana, hakuna inayopanda kichwani. Kijiti kikitolewa utando unaanza kujengwa tena na uwezo wa kushika mimba unarudi bila kuchelewa.

Ila sitakuficha kuwa kijiti kina usumbufu wake. Miezi ya mwanzo wengi wanapata damu ya matone isiyo na ratiba, wengine siku nyingi mfululizo. Na hapa nataka unisikilize kwa makini kuliko popote kwenye barua hii. Mwanamke akirudi na damu hiyo, matibabu yanayotolewa mara nyingi ni vidonge vya majira kwa siku 21, au ibuprofeni kwa siku 5. Vyote viwili si rafiki wa presha. Unaweza kujikuta umerudishiwa kwa mlango wa nyuma kidonge kilekile ulichokatazwa kwa mlango wa mbele, na mtu mwenye nia njema kabisa. Siku hiyo sema kwa sauti: "Nina presha." Asiyekujua hataiona kwenye uso wako.

Tuje kwenye kuchagua. Kijiti kipo cha miaka 3, kimoja, na kipo cha miaka 5, viwili. Wanaoshika mimba nacho ni chini ya mmoja kati ya wanawake 100 kwa mwaka. Kitanzi cha shaba hakina kichocheo chochote, kinakaa hata miaka 10, lakini hedhi inaweza kuwa nzito na yenye maumivu, kwa hiyo kama damu yako iko chini huwa sikiharakii. Kitanzi chenye kichocheo kinapunguza hedhi. Tatizo lake ni kwamba hakipatikani kila mahali, uliza hospitalini. Vidonge vya kichocheo kimoja vinakufaa kwa presha, ila kwa asiyenyonyesha vinadai saa ileile kila siku. Aina iliyozoeleka ukichelewa zaidi ya saa 3 kinga inalegea. Mtu anayeamka saa 10 usiku msimu wa kuvuna zabibu simshauri avitegemee. Sindano iko ndani ya ruhusa yako kwa sasa, lakini ningeiweka mwisho. Presha yako bado hatujui inaelekea wapi, na ikivuka 160 kwa 100 itabidi uiache, huku dawa iliyokwishachomwa haitolewi, unaisubiri iishe miezi 3. Kijiti na kitanzi vinatolewa siku hiyohiyo ukitaka.

Ungekuwa umekaa mbele yangu ningekuuliza swali moja kabla ya yote: je, wewe na mume wako mmemaliza kuzaa? Kama ndiyo, mna mlango mwingine, kufunga kizazi, wewe au yeye. Kwa mwanaume ni upasuaji mdogo kuliko wako, haugusi nguvu zake wala presha yako, ila baada yake atatumia kinga miezi 3 mpaka mbegu zilizobaki ziishe. Kama hamjaamua, chaguo langu kwako ni kijiti, na kitanzi cha shaba kikifuata kwa karibu. Ukichagua kitanzi kuliko kijiti sitabishana nawe, mwili ni wako na hedhi ni yako.

Mwambie pia mtoa huduma dawa zote unazotumia. Dawa za kifua kikuu zenye rifampisini na baadhi ya dawa za kifafa zinapunguza nguvu ya vidonge na ya kijiti, wakati sindano haiathiriki. Kwa wanaotumia ARV, tatizo kubwa lilikuwa efavirenzi, iliyodhoofisha kijiti; dolutegraviri inayotumika sasa haina shida hiyo.

Sasa presha yenyewe, maana kuacha kidonge si kuitibu. Ikiwa estrojeni ndiyo iliyoipandisha, itashuka ndani ya wiki au miezi michache. Pima mara mbili zaidi katika siku tofauti, kisha tena baada ya miezi 3. Ikibaki 140 kwa 90 au zaidi, anza matibabu, na usikubali kuambiwa ni mawazo tu. Na uzazi wa mpango wenye uhakika utauhitaji zaidi ukianza, kwa sababu baadhi ya dawa za presha, kama enalapril, captopril na losartan, zinamdhuru mtoto tumboni.

Usisubiri miadi ukipata kichwa kikali cha ghafla, macho kuona giza au vimulimuli, uso kupinda, mkono au mguu wa upande mmoja kukosa nguvu, ulimi kuwa mzito, maumivu ya kifua, pumzi kukata, au mguu mmoja kuvimba na kuuma. Hapo ni hospitali moja kwa moja, usiku au mchana, na kama zahanati iko njiani pita tu wakupe rufaa na usafiri. Presha ikisoma 160 kwa 100 au zaidi bila dalili yoyote, onana na daktari wiki hiyohiyo.

Wifi yako sijamsahau. Aliponyimwa sindano nadhani alitoka akiamini hakuna njia inayomfaa, na presha ya 170 hiyo inahitaji dawa leo. Nenda naye. Yeye apimwe, aanzishiwe matibabu ya presha, na aulize kijiti au kitanzi cha shaba; vyote viwili kadi ileile inamruhusu. Huduma hizi kwenye vituo vya serikali hazilipiwi. Wewe mwambie nesi umekuja kuchagua, hata kama hauko kwenye siku zako, na hutaki kurudishwa.